Miguu ya Kijani

Miaka thelathini nilikagua tiketi
katika tramu za Łódź.
Mwenye tiketi ya jana nilimjua kwa kikohozi chake,
kwa jinsi alivyolipenda dirisha ghafla.
Kisha nikastaafu, nikarudi Podlasie, nyumba ya marehemu mama,
nikaenda gulioni Jumanne moja
nikauziwa kuku sita waliopakwa rangi.

Ndiyo, rangi.
Mbegu niliyoitafuta ina manyoya ya kwale
na miguu ya kijani, kijani cha jani la kitunguu.
Mama aliifuga. Nilikula mayai yake nikiwa sina meno ya mbele.
Yule bwana wa kofia ya ngozi alinadi tangu getini:
"Halisi! Damu moja, bibi, damu moja!"
Alhamisi ikanyesha.
Ijumaa miguu ilikuwa ya manjano
na maji ya birika yalikuwa ya kijani.
Jumapili wawili walianza kukoroma,
macho yakawavimba kama maharagwe yaliyolowekwa.
Nilizika wanne. Barafu ilikuwa haijatoka ardhini;
nilichimba kwa shoka.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Changu kilikuja na kipaza sauti.

Daktari wa mifugo, Dobrochna, hakunipa jina la mtu.
Alinipa maswali, nyuma ya risiti:
Uone mama zao. Unuse banda kabla hujaliangalia.
Uulize wa mwisho kufa alikufa lini, na kwa nini.
"Atakayekuambia kuku wake hawafi," alisema,
"mshukuru, upande basi."

Nikapiga simu.
Wa kwanza: cheti kiko njiani.
Wa pili alituma picha ya jogoo mzuri mno,
na nyuma ya jogoo, mnazi.
Mnazi! Huku kwetu, mwezi wa pili.
Wa tatu hakuniacha niulize.
"Banda lako ni hatua ngapi? Mbweha anapitia wapi?
Waliokufa uliwafukia au uliwatupa?"
Nilijibu kama mtoto aliyeshikwa bila nauli.

Walenty Sidoruk anakaa mwisho wa njia isiyo na kibao.
Getini kuna beseni la dawa; alinivua viatu vyangu
akanipa vyake, vikubwa, vya mpira, 
nikaburuta miguu kama bata.
Sikuomba, lakini alimshika koo mmoja,
akamfuta mguu kwa kitambaa kilicholowa.
Kitambaa kikabaki cheupe.
Akaweka sikio kifuani pa kuku, akasikiliza kwa muda
kama fundi saa.

Halafu daftari. Nani kamzaa nani,
jogoo gani alitoka kijiji gani asije akampanda dada yake,
chanjo, vifo, mwaka wa kideri umezungushiwa duara.
Hati ya baba yake, imelala kama nyasi zilizokanyagwa.
Hati ya mwanamke, ndogo, wima,
inaishia katikati ya mwezi Novemba.
Kisha yake. Alifunua ukurasa ule upesi,
nami nikatazama dirisha.

Nilikuwa nimeshatoa pesa.
Wanne nilishawachagua, kila mmoja na pete mguuni,
na sanduku langu la majani makavu liko wazi,
ndipo kule kizimba cha mwisho
kuku mmoja akapiga chafya.

Moja tu.

Walenty akafunga daftari.
"Leo siuzi."
"Lakini hawa hawajambo."
"Leo hawajambo."
Akanirudishia noti zangu zote, na viatu vyangu.

Nilipanda basi na sanduku tupu magotini.
Kijana mkaguzi akapita, nikampa tiketi,
akaigeuza, akaisoma upande wa pili pia.
Nilimpenda kwa hilo.

Wiki tatu na siku mbili. Simu ikalia nikiwa namenya viazi.
Hakuniamkia.
"Lilikuwa vumbi tu," alisema. "Njoo.
Na lile sanduku lako,
litoboe matundu zaidi."